Jirani wa Mbali



Leo tuanze na kitu kidogo sana. Chukua vipande viwili vya kioo, vilaze kimoja juu ya kingine vikiwa vimeachana kwa milimita moja, jaza maji katikati, kisha viache mezani mpaka kioo, maji na meza viwe na joto moja. Sasa jiulize: maji yanayogusa kioo cha juu yana habari yoyote ya maji yanayogusa kioo cha chini? Molekuli chache zikisongamana huku juu, kwa muda mfupi usioweza hata kuuhesabu, je, kule chini kuna kinachobadilika sambamba nazo?

Hakuna. Maji yaliyosawazika ni mtaa wa watu wasiojuana. Kila molekuli inaijua inayopakana nayo, na ya nyumba ya pili, na ya tatu kwa mbali. Ukivuka molekuli kumi hivi, habari zimekatika. Na katika milimita ile moja, ukizipanga molekuli za maji mstari mmoja, zinaingia kama milioni tatu.

Sasa fanya jambo moja. Pasha moto kioo cha juu, poza cha chini. Nimesema juu kwa makusudi, kwa sababu ukipasha chini, kama tunavyofanya na sufuria, maji ya moto yatapanda, ya baridi yatashuka, na hatutaki mzunguko huo. Ukipasha juu, maji hayaendi popote. Ukiyatazama huoni kitu. Joto linashuka kimyakimya kutoka kioo hadi kioo, basi. Lakini ndani mwake mtaa umegeuka. Vimitikisiko vidogo vya huku sasa vinakwenda pamoja na vimitikisiko vya kule, ng'ambo ya molekuli laki kwa laki. Hakuna aliyeongeza dawa ndani ya maji wala kuunganisha waya. Joto linalopita ndilo lililowajuanisha.

Nimefundisha fizikia ya sekondari kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi kwamba joto ni mambo ya jirani kwa jirani. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, joto linajuaje pa kwenda?" Nikamjibu kwamba linamwuliza jirani. Jibu lile lilikuwa la kweli kwa kiasi chake. Sehemu niliyoiacha ndiyo ninayotaka kuisema leo, na nitaisema kwa Kiswahili kwa sababu sioni kwa nini habari nzuri namna hii ikae katika majarida ya wachache.

Sheria ya ujirani ina mwenyewe. Ni Mfaransa Joseph Fourier, mwanahisabati aliyefuatana na Napoleon hadi Misri mwaka 1798, baadaye akawa mkuu wa mkoa kule Grenoble, na mwaka 1822 akatoa Paris kitabu chake cha nadharia ya joto. Alisema hivi: joto linalopita mahali fulani linategemea mteremko wa halijoto mahali hapohapo. Mteremko ukiwa mkali joto linakwenda kwa wingi, ukiwa wa taratibu joto linakwenda kidogo, pasipo na mteremko halitembei. Huna haja ya kujua halijoto ikoje upande wa pili wa chombo. Simama hapo ulipo, tazama hatua moja mbele na moja nyuma, inatosha.

Wengine wakafuata nyayo. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Adolf Fick, akatumia kanuni hiyohiyo kwa chumvi inayosambaa ndani ya maji: pale chumvi inapozidi inateremka kwenda inapopungua. Navier na Stokes wakafanya vivyo hivyo kwa mnato, ule uzito wa asali unapoimimina ukilinganisha na maji: tabaka moja la kimiminika linavutana na tabaka linalopakana nalo. Na wataalamu wa themodinamiki, elimu ya joto na nishati, walipotaka kukieleza kitu ambacho hakijasawazika, walikigawa katika vijisehemu vidogo, wakasema kila kijisehemu kihesabiwe kuwa kimesawazika chenyewe kwa chenyewe, kikiwa na halijoto yake na kanieneo yake. Juu ya msingi huo Lars Onsager wa Norway alijenga mwaka 1931 kanuni zilizompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1968. Jokofu la nyumbani, rejeta ya basi, bomba la mafuta, utabiri wa mvua, vyote vinahesabiwa kwa sheria ya ujirani, na vinafanya kazi. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Fourier alikosea. Ninachosema ni kwamba sheria yake ina mipaka, na mipaka hiyo haiko pale ambapo kila mtu alitegemea iwe.

Walitegemea iwe wapi? Katika gesi iliyochujuka. Hewa hii tunayoivuta hapa ufukweni, molekuli yake inasafiri wastani wa karibu nanomita 70 kabla ya kugongana na nyingine. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo safari hiyo ni fupi sana, na mjumbe wa safari fupi analeta habari za karibu tu. Ukiipunguza hewa ndani ya mrija, safari inarefuka, mpaka molekuli inatoka ukuta hadi ukuta bila kukutana na yeyote. Hapo imebeba habari za mbali, na sheria ya jirani haina kazi tena. Martin Knudsen wa Denmark alilipima hilo mwaka 1909. Alipoipunguza gesi ndani ya mirija myembamba, mtiririko, ukilinganishwa na msukumo wake, ulishuka hadi mahali fulani kisha ukaanza kupanda tena. Lakini hilo halimshangazi mtu. Mjumbe akisafiri mbali, habari zake ni za mbali.

Kwa hesabu hiyo, kimiminika kilichoshikamana kingekuwa salama kabisa. Ndani ya maji molekuli hazina nafasi hata ya kupishana. Zinagongana kabla ya kusogea urefu wa mwili wao. Kama kuna mahali ambapo jirani ni jirani tu, ni humo. Na ni humohumo ndimo sheria ilimovunjikia.

Mambo yalianza kwa hesabu iliyokataa kukubali. Tangu Mrusi Nikolai Bogoliubov alipoandika kazi yake ya mwaka 1946, watu walikuwa na mpango wa kuuhesabu mnato wa gesi nzito hatua kwa hatua. Kwanza hesabu migongano ya molekuli mbili. Kisha ongeza sahihisho la molekuli tatu zinazokutana, kisha nne, na kuendelea. Kila hatua ilitegemewa kuleta sahihisho dogo kuliko lililotangulia, kama fundi anayepiga randa ubao hadi ulainike. Mwaka 1965 Robert Dorfman na Eddie Cohen, na wengine waliofika palepale karibu wakati uleule, walipoifikia hatua ya molekuli nne jibu halikuwa dogo wala kubwa. Lilikuwa halina mwisho.

Nataka nikae hapa kidogo. Hakuna gesi yenye mnato usio na mwisho. Unaweza kuitikisa chupa ya gesi ukathibitisha mwenyewe. Kwa hiyo hesabu ilikuwa inasema kwamba kuna kitu tulichokikubali mwanzoni ambacho si kweli. Kuna watu ambao wangeifuta hatua ile wakaendelea na maisha yao, kwa sababu hatua za mwanzo zilikuwa zinatoa majibu mazuri. Hawa walikaa nayo. Ninawaheshimu sana kwa hilo.

Kosa lilikuwa katika neno "kusahau". Tulidhani molekuli mbili zikigongana zinaachana moja kwa moja, kila moja ikapotelea katika umati isikumbuke kitu. Fikiria soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Umegongana bega na mtu, mmesameheana, kila mmoja ameshika njia yake. Wewe umesukumwa na mbeba mzigo kushoto, yeye amezuiwa na mkokoteni kulia, na baada ya hatua kadhaa mko uso kwa uso tena. Ndani ya umati wakutanao hukutana tena, kwa sababu umati wenyewe unawarudisha. Ukizijumlisha nafasi zote za kukutana upya kupitia njia ndefu, jumla haifiki ukomo, na hapo ndipo hesabu ilipolipuka. Molekuli zenyewe husahau, ila umati uliozizunguka unabaki na kumbukumbu.

Miaka miwili baadaye ushahidi ukaonekana kwa njia nyingine kabisa. Huko Livermore, California, Berni Alder na Thomas Wainwright walikuwa wakitumia kompyuta kufuata mwendo wa matufe magumu yanayogongana, mamia tu ya matufe, kwa kuwa mashine za wakati huo hazikuweza zaidi. Walitazama tufe moja na kuuliza swali jepesi: linakumbuka kwa muda gani upande lilikokuwa linaelekea? Kila kitabu kilisema kumbukumbu hiyo inakufa haraka, ikipoteza nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo, mpaka baada ya migongano michache hakuna kitu. Matokeo waliyotoa mwaka 1967, na kwa ukamilifu mwaka 1970, yalikuwa tofauti. Kumbukumbu ilikuwa bado ipo baada ya makumi ya migongano, ikipungua kwa mwendo wa kobe: muda ukizidi mara nne, kumbukumbu inapungua mara nane tu. Jambo linalokufa kwa nusu-nusu lingekuwa limekwisha zamani.

Walipochora mwendo wa matufe ya jirani wakaona sababu. Aliyewahi kupanda mtumbwi ataielewa mara moja. Piga kasia ndani ya maji, kisha litoe. Nyuma yake vinabaki vizingia viwili, kimoja kila upande, vinazunguka vikienda, na vinaendelea kuzunguka wakati kasia liko hewani likidondosha matone. Tufe linaposogea mbele linasukuma wenzake walio mbele, wao wanakimbilia pembeni, wanazunguka hadi nyuma, na wanalisukuma tena kutoka mgongoni. Kumbukumbu haimo ndani ya tufe. Imo katika maji yaliyolizunguka, na kadiri muda unavyopita inatanuka, mduara mpana zaidi na zaidi. Ukisema kimiminika kinakumbuka ya jana, umesema pia kwamba kinahusika na ya mbali. Ni jambo moja lenye sura mbili.

Na linafika mbali kuliko unavyodhani. Kama kimiminika ni bapa, yaani molekuli zinatembea kwenye uso tu bila kina, hesabu inaonyesha kwamba kumbukumbu inapungua polepole mno kiasi kwamba mnato wenyewe hauna thamani yake maalumu. Ukiuliza mnato wa kimiminika hicho ni kiasi gani, jibu ni swali: chombo chako kina upana gani? Pengine unasema mambo bapa ni ya wanahisabati. Lakini kila seli ya mwili wako imefunikwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita chache, na protini zinaogelea katika utando huo kama vile kwenye uso wa bwawa. Mwaka 1975 Philip Saffman na Max Delbrück walipotaka kukokotoa mwendo wa protini hizo walikutana na tatizo la namna hiyohiyo. Utando peke yake haukuwapa jibu, ikabidi wayaingize maji ya nje na ya ndani ya seli, yanayoupokea msukosuko wa utando na kuumaliza.

Katika maji ya kawaida, yenye kina, mnato unanusurika, una thamani yake. Lakini mwaka 1935 David Burnett alikuwa ameandika masahihisho ya sheria za ujirani, kwa kusema tusitazame mteremko wa hapa tu, tutazame na jinsi mteremko unavyobadilika hatua ya pili. Lilikuwa wazo la busara, kiraka juu ya nguo nzuri. Kumbukumbu ile ndefu inafanya viwango vya kiraka hicho navyo visiwe na mwisho. Maana yake ni kwamba sheria ya jirani haisahihishiki kwa kumwongeza jirani wa pili na wa tatu. Ukitaka kujua kwa ukamilifu joto linalopita hapa, lazima uulize mitaa yote, ya karibu kwa uzito mkubwa na ya mbali kwa uzito mdogo unaopungua taratibu, na uulize pia walikuwaje jana.

Turudi sasa kwenye vioo vyetu viwili, kimoja cha moto juu na kimoja cha baridi chini.

Mwaka 1982 Ted Kirkpatrick, pamoja na Cohen na Dorfman walewale, walichukua wazo la kukutana tena wakaliingiza katika kimiminika chenye mteremko wa halijoto. Nitajaribu kueleza walichokiona bila fomula hata moja. Maji yoyote, hata yaliyotulia, yana mizunguko midogo isiyokoma, inayozaliwa na kufa, kwa sababu molekuli hazitulii. Ndiyo iliyokuwa ikizichezesha chembe ambazo mtaalamu wa mimea Robert Brown aliziona katika darubini yake mwaka 1827. Kama maji yote yana joto moja, mzunguko ukichota maji hapa na kuyamwaga pale haubadilishi kitu. Ni kama upepo unaopita kwenye uwanja wa mchanga mweupe mtupu, unahamisha mchanga lakini picha ni ileile. Weka sasa mchanga mweupe upande mmoja na udongo mwekundu upande mwingine. Upepo uleule, wa nguvu ileile, utaacha michirizi. Mizunguko midogo ya maji inapochota maji ya moto na kuyapeleka penye baridi inaacha mabaka ya joto, na inapochota ya baridi kuyapandisha inaacha mabaka ya ubaridi.

Sasa sikiliza mahali utamu ulipo. Baka kubwa linachelewa kufa. Upana wake ukizidi mara mbili, linachukua muda mara nne kupoa na kulingana na wenzake. Na mzunguko uliolizaa baka hilo nao, kwa kuwa ni mpana mara mbili, unaishi mara nne zaidi. Nne mara nne ni 16. Kwa hiyo kila upana ukizidi mara mbili, nguvu ya mabaka inazidi mara 16. Mabaka madogo hayana maana, yale makubwa ndiyo yanayotawala, na makubwa kuliko yote ni yale yanayojaa kutoka kioo hadi kioo. Hivyo ndivyo juu na chini wanavyojuana. Ukiuongeza mteremko wa joto mara mbili, nguvu hiyo inazidi mara nne. Ukiuondoa, yote yanatoweka, mtaa unarudi kuwa wa watu wasiojuana.

Nadharia ikasubiri vipimo. Huko Chuo Kikuu cha Maryland, Jan Sengers na wenzake walipitisha mwale wa leza katika kimiminika kilichopashwa moto kwa juu na kupima nuru kidogo inayokengeuka. Baka pana linaikengeusha nuru kwa pembe ndogo sana, chini ya nyuzi moja, kwa hiyo ilibidi waitafute nuru dhaifu pembeni kabisa mwa mwale mkali. Jaribu kuiona nyota iliyo ubavuni mwa mwezi mpevu, utaijua shida yao. Matokeo ya kwanza waliyatoa mwaka 1988, na mwaka 1992, wakitumia toluini, kimiminika kinachotumika katika kutengeneza rangi za kupaka, waliithibitisha ile kanuni ya 16.

Huko Milan, Italia, Alberto Vailati na Marzio Giglio walikwenda njia nyingine. Waliviacha vimiminika viwili vichanganyike vyenyewe, kizito chini na chepesi juu, bila kukorogwa. Kila kitabu cha shule kinaeleza msambao huo kama kitendo cha upole, ule mpaka kati ya vimiminika ukififia taratibu na kulainika. Mwaka 1997 walionyesha kwamba mpaka huo hauna ulaini wowote. Umejaa mawimbi na mabaka makubwa, makubwa kiasi cha kuitwa majitu ukilinganisha na molekuli zinazoyaunda. Mwanzoni walitumia mchanganyiko maalumu wa maabara, lakini baadaye ikaonekana hata kwa gliserini na maji, gliserini ileile inayouzwa dukani kwa ajili ya kupaka ngozi. Tangu nilipolisoma hilo siwezi tena kutazama sukari ikiyeyuka chini ya glasi nikaiona imetulia.

Lakini hapa duniani kuna mzuiaji. Baka la maji ya moto lililosukumwa penye baridi ni jepesi kuliko walio karibu nalo, kwa hiyo linapanda na kurudi kwao kabla halijasambaa. La baridi linazama. Mvutano wa dunia unakuwa kama mzee wa mtaa anayemrudisha kila mgeni kwao, na anawaona wakubwa upesi kuliko wadogo. Kwa hiyo mabaka yaliyozidi ukubwa fulani hayafiki mbali. Kuyaona kwa ukubwa wake halisi kulihitaji mahali pasipo na uzito.

Tarehe 14 Septemba 2007, chombo cha anga cha Kirusi kiitwacho FOTON-M3 kilirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan. Miongoni mwa mizigo yake kilikuwemo kifaa cha jaribio la GRADFLEX, kazi ya pamoja ya watu wa Milan, wa Santa Barbara kule California, na Shirika la Anga la Ulaya. Ndani ya kifaa mlikuwa na tabaka la kimiminika la unene wa kama milimita moja, toluini iliyoyeyushiwa polistirini, plastiki ileile ya maboksi meupe wanayowekea samaki na barafu. Upande mmoja ulipashwa moto, wa pili ukapozwa. Joto linapopita katika mchanganyiko wa namna hiyo linazichagua molekuli, linazisukuma ndefu za plastiki kuelekea penye baridi, na hivyo panakuwa na mteremko wa pili, wa wingi wa plastiki. Chombo kilizunguka siku 12, kikatua tarehe 26.

Picha zake, zilizochapishwa mwaka 2011, nimezitazama mara nyingi. Mabaka meupe na meusi, makubwa ndani yake madogo na madogo ndani yake madogo zaidi, kama mawingu yanavyoonekana kutoka ndegeni. Zile za duniani, kwa kifaa cha namna hiyohiyo, zina vijipunje tu. Za angani mabaka yamenenepa mpaka yakafikia unene wa tabaka lenyewe, na kilichoyazuia kuendelea hakikuwa kingine ila kuta. Hesabu iliyoanza na jibu lisilo na mwisho mwaka 1965 ilikuwa sasa inaonekana kwa macho.

Wasikilizaji wa Tanzania huenda wanamfikiria Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu wa shule ya Magamba, Lushoto, ambaye mwaka 1963 aliweka maziwa ya moto kwenye friza yakawahi kuganda kuliko ya wenzake yaliyopoa, akachekwa, hadi alipompata mtu wa kumsikiliza, Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakaandika pamoja mwaka 1969. Sisemi kwamba kisa cha Mpemba na uhusiano huu wa mbali ni kitu kimoja. Kuhusu maji yenyewe wataalamu wanabishana hadi leo. Lakini waliomcheka walishikilia jambo lilelile ambalo Dorfman na Cohen walilitilia shaka. Walidhani ukishajua halijoto ya kitu umejua kila kinachohitajika, kwamba namba moja ya sasa inafuta yote yaliyopita. Mwaka 2020 huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha kwa chembe ndogo ndani ya maji kwamba kitu cha moto zaidi kinaweza kweli kumtangulia mwenzake kufika kwenye ubaridi. Kitu kisichosawazika hakielezwi kwa namba moja. Mpemba alilisema hilo akiwa na bakuli la aiskrimu mkononi.

Limebaki jambo moja, nalo linanigusa kama mwalimu. Kila mwanafunzi wa fizikia akiulizwa kanieneo ya kimiminika inategemea nini, anajibu kwamba inategemea halijoto na msongamano wa mahali hapo, na anapewa alama zake. Mwaka 2013 Kirkpatrick, José Ortiz de Zárate na Sengers walifanya hesabu ya kanieneo inayoletwa na yale mabaka. Nadharia yao inasema kwamba kimiminika chenye joto linalopita ndani yake kina kanieneo ya ziada, na kiasi cha ziada hiyo kinategemea umbali kati ya kuta mbili. Vioo viwili, kila kimoja kikibaki na halijoto yake ileile, vikikaribiana, ziada inapanda. Vikiachana, inapungua. Kwa hiyo ukiweka kipimo chako kwenye kioo cha juu, ukasoma namba, ndani ya namba hiyo kuna sehemu ndogo inayokueleza kioo cha chini kiko umbali gani, ingawa hujakigusa, na maji yaliyo kati yenu hayajasogea hata kidogo.